Uliza Ukubwa wa Faili Kabla ya Kulivuta

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, kila nikiona kijana anaandika programu ya kuvuta faili la watu bila kuuliza lina ukubwa gani. Ilikuwa asubuhi ya masika hapa Mtwara, katika ofisi yetu ndogo ya Rahaleo. Nilikuwa kijana bado, ndevu hazijaijua mvi.

Kazi yetu ilikuwa hii. Huko juu ya Ruvuma kulikuwa na kituo cha kupima kina cha mto, na vipimo vyake vikiwekwa kwenye seva yao katika faili dogo. Programu yetu, iliyoandikwa kwa JavaScript na kukaa kwenye seva yetu, ililivuta faili lile kila saa. Maji yakipanda, iliwatumia wakulima wa Mahurunga ujumbe wa simu watoke mabondeni. Watu walishazoea. Simu ikinyamaza, wanajua mto umetulia, wanashuka kwenye mpunga wao. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini nani kati yetu aliyelikumbuka hilo?

Asubuhi hiyo programu ilianguka. Niliiwasha, ikaanguka tena. Nikaiwasha mara nyingine, ikahema kidogo, kumbukumbu ya mashine ikajaa, ikafa. Nilikuwa bado nimekodolea kioo macho simu yangu ilipolia. Alikuwa mjomba Anselmo, kaka yake mama, mkulima wa Mahurunga tangu ukoo wetu ulipovuka kutoka Msumbiji.

"Mpwa wangu, maji yamegeuka rangi, yanabeba magogo. Lakini simu zenu kimya, basi watu wanashuka kuvuna. Kwema huko?"

"Mjomba, usishuke! Programu imekufa, hatuoni kitu."

"Mimi sishuki. Hawa wenzangu niwaambie nini? Mpunga umeiva, nguruwe pori wanaumaliza. Neno langu peke yangu halitawarudisha."

Bi Rehema, mkuu wetu, mama wa Mikindani asiyependa makelele, alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikamwambia nataka kuiongezea seva kumbukumbu, niiwashe tena.

"Ngoja. Unavuta nini?"

"Faili la vipimo, kama siku zote."

"Leo lina ukubwa gani?"

Ukubwa wake sikuwahi kuuliza hata siku moja.

"Unamfungulia mgeni hujamtazama, halafu unalalamika nyumba imejaa! Usiongeze chochote. Kwanza waandikie watu kwa mkono: hatuoni mto, asishuke mtu mpaka tuseme. Kisha uliza."

Niliuandika ujumbe ule, nikautuma kwa wote. Halafu nikatuma ombi la HEAD, lile linaloomba maelezo ya faili bila kulivuta faili lenyewe. Jibu likarudi. Kwenye mstari wa Content-Length, ambako ukubwa huandikwa kwa baiti, palikuwa na tarakimu nyingi hata nikazifuata kwa kidole. Bi Rehema akapiga simu kituoni. Kumbe walikuwa wamebadilisha mpangilio: anwani ile ile sasa ilibeba picha za bonde zima, na vipimo vimehamishiwa anwani nyingine.

Nikaiuliza anwani mpya. Jibu lilikuja, ila Content-Length haikuwemo.

"Hawakutaja ukubwa," nikasema. "Nilivute tu? Watu wako bondeni, Bi Rehema!"

"Ndiyo maana hulivuti hivi hivi. Seva ikifa tena sasa hivi, nani atawaonya? Asiyetaja ukubwa wake hupimwa akiingia. Soma kipande kwa kipande, jumlisha baiti, likivuka kikomo utakachoweka, kata."

Hakupandisha sauti, lakini niliona jinsi alivyoung'ang'ania ukingo wa meza.

Ilikuwa mistari michache tu, mwanangu, na jasho lilinitoka kama mpakiaji wa korosho bandarini. Nikaiwasha. Vipande vikaingia, jumla ikapanda, ikapanda, ikasimama chini ya kikomo. Kina kikasomeka: mto ulikuwa umeshapita alama ya hatari. Ujumbe ukaondoka kwenda kwenye simu zote.

Mjomba alipiga tena adhuhuri imepita. "Ule wa kwanza uliwasitisha, ingawa wengine walinicheka. Wa pili ulipotaja kina, watu walikimbia na watoto mgongoni. Hapa nilipo naona maji matupu. Mpunga wote umekwenda." Kisha akaongeza: "Watu tupo wote."

Nililia pale pale kwenye kiti. Bi Rehema akageukia dirishani, akatazama barabara kwa muda mrefu.

Basi mwanangu, usikubali mbuzi wa kwenye gunia. Kabla ya kuvuta faili la mbali, uliza ukubwa wake. Ukitajiwa, linganisha na uwezo wa mashine yako, na likizidi likatae. Wala usitegemee jibu hilo peke yake, maana seva nyingine hazisemi na nyingine husema uongo. Hesabu baiti zinapoingia, mkono wako ukiwa tayari kukata. Na programu yako ikishindwa, iseme kwamba imeshindwa, usimwachie mkulima aliye shambani akufasirie kimya chako. Haraka ya watu iwe sababu ya kupima, isiwe kisingizio cha kuacha.

Mola akupe utulivu wa kuuliza hata unapokimbizwa, na kila anayeitegemea kazi ya mikono yako arudi kwa watoto wake salama.