Pua ya Papa Aurore

Anayesema baga ni chakula cha wageni, mlete mtaani kwetu Gihundwe nimkalishe kwenye benchi la Papa Aurore, tuone kama atapata nafasi ya kubisha. Mimi ni fundi cherehani, mlango wangu umepakana na jiko lao. Kila nguo ninayoshona hurudi kwa mwenyewe na harufu ya vitunguu vya kukaanga. Wengine hulalamika, nami huwaambia washukuru, maana harufu ile sijawatoza.

Jina halisi la Papa Aurore ni Protais. Alizaliwa Bukavu, ng'ambo ya mto wa mpakani, kwa wazazi Wanyarwanda. Alijifunza kupika kwenye hoteli moja huko, akamwoa Marguerite, Mushi kwa kabila, mzaliwa wa Walungu, mwanamke wa maneno machache. Walipokuja huku walikuwa na jiko la makaa, meza moja, na mtoto mchanga, Aurore, ambaye kwa jina lake watu humwita baba yake Papa Aurore. Marguerite alioka mikate ya mviringo. Protais alikatakata nyama kwa visu viwili, kwa sababu mashine, alisema, huitafuna nyama kabla ya mteja. Ijumaa za Kwaresima, Wakatoliki walipoacha nyama, Marguerite alikaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, akawajaza mkateni. Hata Waadventista walikuja kula, na Kwaresima haiwahusu.

Lakini watu hawakurudi kwa utamu peke yake. Walirudi kwa sababu hakuna aliyewahi kuumwa tumbo kwa chakula cha nyumba ile, na wazazi walijua. Kila asubuhi Protais alikwenda kwa Hamdani, mwuza nyama wa sokoni Kamembe, akainua kipande hadi puani na kufumba macho. Kisipompendeza alikirudisha. Hapo Hamdani alianza kuapa wallahi kwamba ng'ombe amechinjwa alfajiri, wakagombana mpaka soko likacheka, na mwisho Hamdani akatoa kipande kingine. Yule mzee hakujivunia kitu kingine maishani ila pua ile.

Kisha, Aurore akiwa tayari msichana mkubwa, ikaingia homa kali nyumbani kwao. Ilimchukua Marguerite, ikamwacha Protais amekonda hata suruali nikampunguzia kiunoni. Baada ya matanga alifungua tena, Aurore akashika kazi ya mikate. Protais alinusa nyama kama zamani, akafumba macho kama zamani. Sote tulimhurumia kwa mkewe, hatukufikiri lingine.

Siku ya Idi Hamdani hakufungua duka. Protais akanunua nyama kwa mtu mwingine, akaileta na kuiweka mezani. Aurore alifungua mfuko, akarudi nyuma. Mimi niliye upande wa pili wa ukuta niliacha kushona, uvundo umenifikia.

"Ii nyama iko muzuri," baba yake alisema. "Anza kukata."

Aurore alimtazama usoni, akaelewa. Homa ile ilikuwa imeondoka na pua yake. Alingoja baba aende kuchota maji, akaifukia nyama nyuma ya nyumba, akakaanga sambaza. Wateja walimtania, "Leo Jumatano imekuwa Ijumaa?" naye akacheka nao. Angesema, angemtoa baba yake jikoni, na mzee asiye na jiko wala mke angeshika nini? Angenyamaza, siku moja watoto wa shule wangelazwa.

Akatafuta njia ya tatu. Alimwendea Hamdani kwa siri, akamweleza, akawa ananusa nyama kabla ya mapambazuko na kuacha nzuri tu mezani pa Hamdani. Baba yake akija, alinusa, akafumba macho, akakataa kipande kimoja kwa heshima ya desturi. Hamdani alikipokea na kusema, "Sawa, mzee."

Huruma ile ndiyo iliyowaumbua. Mtu aliyegombana nawe miaka yote akianza kukuitikia sawa, ujue umekwisha. Jioni moja Protais alifunga jiko mapema, akamwita Aurore chumbani. Haya alinisimulia Aurore mwenyewe, akilia juu ya kitambaa changu.

"Hamdani haapake wallahi tena," mzee alisema. "Ni weye ulimuambia?"

"Ni mimi, papa. Unisamehe."

Hakukasirika. Alifungua sanduku, akatoa kitenge cha Marguerite, kile alichovaa siku za mwisho, ambacho hakumruhusu mtu kukifua.

"Kila asubui nakitia ku pua. Sisikie kintu. Nilikuwa nangoja pua irudie, nimusikie tena." Akamkabidhi. "Nusa. Uniambie kweli, sawa vile ingekuwa nyama ya kulisha batoto ba bantu."

Aurore alizika uso kitengeni. Alivuta pumzi, akavuta tena. Alitafuta unga, moshi, jasho la mama yake, chochote. Kulikuwa na harufu ya sanduku tu. Neno tamu lilikuwa tayari ulimini, na nani angemlaumu? Baba yake asingeweza kujua kamwe.

"Hakuna, papa," alisema. "Arufu yake ilikwisha."

Mzee alikaa kitandani. Machozi yalimtiririka hadi kidevuni.

"Kumbe haikuwa pua yangu tu," alisema.

Akakichukua kitenge kwa upole, akakikunja, akampa ufunguo wa jiko.

"Kesho wende kwa Hamdani unuse nyama mbele ya bantu bote. Weye haukunidanganya juu ya mama yako, basi hautadanganya mutu."