Kiondo Kilichotolewa Nje

Chaka, chaka, chaka. Nilisikia sauti hiyo nikiwa bado langoni, kama maharagwe makavu yakitikiswa ndani ya kibuyu. Kabla sijaona viatu vya wageni barazani, nilijua kikundi kimeshafika na mtu fulani anatikisa mfuko wa herufi.

Kila Jumamosi alasiri watu wanane au tisa walikutana sebuleni kwetu, hapa Machakos mjini, kucheza mchezo wa maneno ya Kiingereza. Unachukua vipande vyenye herufi, unavipanga ubaoni viwe neno, na kila herufi ina alama zake. Wengi wao walikuwa walimu. Mama alikuwa mwenye nyumba, na kwa sababu hiyo akawa mwenye chai. Kwa miaka miwili alizunguka meza na thamosi, kisha akarudi kwenye kiti chake cha pembeni kusuka kiondo, shingo ikirefuka kila mara mtu alipobishana na kamusi.

Shule aliiachia darasa la saba. Jioni moja, tukiosha vikombe, aliniambia bila kunitazama, "Mimi nataka siku moja nicheze mahali chai inaletwa na mtu mwingine."

Mahali hapo palikuwapo. Kila mwaka kikundi chetu hupeleka wachezaji wanne Nairobi kushindana na vikundi vingine, na huko, tulivyosimuliwa, kuna wahudumu wenye trei.

Nikaanza kumsomea. Nilikuwa nimerudi nyumbani kumaliza kuandika riwaya ambayo haikutaka kumalizwa, na orodha ya maneno adimu ilinipendeza kuliko sura ya tano. Mama alikataa kuandika chochote. "Daftari linapotea," alisema. "Mikono haipotei." Alianza kiondo kipya, na kila mzunguko wa uzi wa mkonge ukabeba neno moja. Nilisoma neno na maana yake, naye akalirudia mpaka mzunguko ukakutana na mwanzo wake.

Neno la kwanza, kwenye kitako kabisa, lilikuwa AA, yaani mawe makali ya volkano. Mama alicheka mpaka akaangusha uzi. "Wazungu wameiba salamu yetu Wakamba! Mtu akikuambia 'Wakya', si unaitika hivyo hivyo?" Likafuata QI, pumzi ya uhai kwa Wachina, kwa uzi wa zambarau, kwa sababu maneno yote ya Q aliyapa zambarau. Tulipofika ZAX, kifaa cha kuchongea mawe ya kuezekea paa, alimpigia simu mjomba anayefanya kazi kwenye machimbo ya Lukenya kumuuliza kama anacho. "Niko na nyundo," mjomba akajibu, "na niko kazini."

Kiondo kilipofika ukingoni, Mama aliketi mezani kwa mara ya kwanza. Alishindwa. Jumamosi iliyofuata akashindwa kwa alama chache. Mvua za masika zilipokwisha alikuwa amewapiga karibu wote, na nafasi moja ya Nairobi iliyobaki ikawa kati yake na Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mzee mstaafu mwenye koti la sufu na kofia hata wakati wa jua kali. Nafasi ile alikuwa ameizoea kama kiti chake cha kanisani.

Sasa, mdomo wangu. Siku ya mchezo huo niliingia sebuleni nikakuta Mama ameketi, kiondo magotini, vidole vikitembea juu ya mistari. Niliona uzuri wa jambo hilo, na mtu anayeandika riwaya akiona uzuri hawezi kunyamaza. Nikawaeleza wote: kila mzunguko neno, kila rangi herufi.

Mwalimu aliweka kikombe chini. "Sheria inasema hakuna maandishi mezani."

"Hiki ni kiondo, Mwalimu," Mama akasema.

"Hicho ni kitabu."

"Basi kisome."

Alikichukua, akakizungusha, akakipindua, akachungulia ndani. "Sijui kukisoma," akakiri, "lakini kimeandikwa."

Sebule nzima ilicheka, ila mwenyekiti wetu, mama mwenye duka la dawa, hakucheka. Alifikiri kidogo, akaamua kiondo kitolewe nje. Nilikibeba mimi mwenyewe hadi barazani, na sijawahi kubeba kitu chepesi kilichonilemea vile.

Bila kiondo Mama alicheza kama mtu aliyevua miwani. Maneno yake yalikuwa mafupi, ya kawaida. Mfuko ulipokwisha herufi, Mwalimu alikuwa mbele kwa alama ishirini, naye Mama alibaki na C na W tu. Nilitazama dirishani.

Nilipogeuka, mikono yake ilikuwa magotini, na vidole vilikuwa vikisuka. Hapakuwa na uzi. Vilipinda, vikavuta, vikakaza, mzunguko juu ya mzunguko, kutoka kitakoni kwenda juu. Tulisubiri. Karibu na ukingo, vidole vilisimama.

Pembeni mwa ubao kulikuwa na M. Aliweka C, akaweka W, vikasimama juu yake: CWM. Mahali hapo alama za neno huzidishwa mara tatu. Thelathini.

"Neno bila irabu!" Mwalimu aliruka. "Mama, hilo ni neno au ni kikohozi?"

Kwetu, neno likipingwa, aliyeliweka hueleza maana kwanza, ndipo kamusi ifunguliwe.

"Ni bonde kama bakuli, huko juu mlimani," Mama akasema polepole. "Lilichimbwa na barafu."

"Na wewe barafu umeiona wapi?"

"Kwenye friji ya mwenyekiti."

Mwenyekiti alifungua kamusi, akapitisha kidole, akaifunga. "Bonde kama bakuli," akasema. Mwalimu akavua kofia.

Jumamosi ya safari, waliobaki wa kikundi walikutana kwetu kama kawaida. Mama alikuwa na gauni la kanisani na viatu vilivyong'arishwa. Kiondo alikitundika kwenye msumari ukutani. Nilimuuliza kama hatakihitaji njiani. Akanionyesha vidole vyake kumi.

Kutoka jikoni tulisikia makabati yakifunguliwa na kufungwa, kisha sauti ya Mwalimu ikimwita Mama kwa Kikamba. "Mwaitu! Sukari inakaa wapi?"

Mama alikuwa tayari ameshika kitasa. Alitabasamu kama msichana.

"Mwalimu, leo tafuta mwenyewe," akaitikia, akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake.