Chupa Mbili za Soda

Hapana, baba mdogo, "mzembe ni mzembe" siyo jibu. Hivyo ndivyo nilivyomwambia leo mbele ya wazee wa ukoo, na wote wakaniangalia kama nimetemea mate ugali. Mmoja akasema, "Fomu foo imemharibu huyu." Mwanangu, wewe bado uko tumboni, ila nakuandikia humu kwenye daftari uyajue mapema. Mimi niliyajua nikiwa nimeshaumiza mtu.

Juzi mama mdogo alikaangia mboga dawa ya kuogeshea ng'ombe akidhani ni mafuta. Alikuwa na mafua, hakusikia harufu. Shija wao, miaka mitatu, akaonja wa kwanza. Hospitali wamemwokoa, sasa anakunywa uji. Lakini baba mdogo kaamua: kesho mkewe apande treni arudi kwao Kaliua, na mtoto abaki.

Dawa ilifikaje jikoni? Sisi wafugaji tunachanga, tunanunua debe moja, kila mji, yaani kila kaya, unakuja na chupa yake ya soda kugawiwa. Mafuta ya karanga nayo tunapimiwa kwenye chupa hizohizo. Baba mdogo alirudi na mvua, akaitua yake kando ya ile ya mafuta, akakaa kuota moto. Nyani haoni kundule.

Nakumbuka mwaka niliomaliza shule, alikuja Mpanda dokta mmoja, mama mtu mzima, msomi wa mambo ya akili. Kazi yake kuchunguza watu wanakoseaje. Siyo watu wabaya, watu wazuri tu, kwenye kazi waliyoizoea. Alinichukua nimtafsirie Kisukuma, tukizunguka kwa baiskeli. Siku moja tukamkuta mama aliyempa mwanae dozi mara mbili. Sikumuuliza kitu, nikaandika kwenye fomu: uzembe. Mumewe alikuwa amesimama nyuma yangu, akalisoma. Jioni ileile akamfukuza.

Dokta hakunigombeza. Asubuhi nikampikia chai. Akanywa kidogo, akanisogezea kikombe.

"Onja."

Chumvi tupu.

"Niandike mzembe?" akaniuliza.

"Makopo yanafanana, mama."

"Na yule wa jana angekuwa na la kusema. Nilikutuma uandike kilichotokea, wewe umeandika hukumu."

Nilimtafuta yule mama nimwombe radhi. Mpaka leo sijamwona.

Kuteleza si kuanguka, mwanangu. Mtu akikosea, uliza kwanza alikuwa anaona nini, mkono wake umezoea nini, nani aliweka kile kitu pale. Ukishasema uzembe, hutauliza tena, na chupa itabaki palepale inamsubiri mwingine. Hilo ndilo linaloniuma: wanamfukuza mtu, chupa hawaigusi. Mungu akupe macho ya kuuliza na ulimi mzito kwenye kuhukumu, na asikupe nyumba ambayo mkosaji ni mke siku zote.

Kesho asubuhi, kabla ya treni, nitaenda kwa baba mdogo na chupa mbili za soda, moja ya mafuta, moja ya dawa. Nitawasha kuni mbichi mpaka jiko lijae moshi, pua yake isisikie harufu. Halafu nitampa shikamoo, nimwite humo ndani mbele ya wazee walewale, nimwambie achague moja anikaangie mboga.