Kipande Changu cha Mtaro

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilisimama ndani ya mtaro pale Mlabani, hapa hapa Ifakara, maji ya tope yamenifika magotini, nikitamani ardhi inimeze pamoja na jembe langu. Nakuita mwanangu ingawa umri wangu si wa kukuzaa. Hizi ndevu zenyewe zimeota juzi tu. Lakini nimeona jina lako limebandikwa kwenye ubao wa kata, kesho unaanza kazi za vijana, na njia hiyo mimi nimeshaipita. Kaa kidogo nikuambie.

Mwaka wetu halmashauri ilitenga fedha ili mitaro ya maji ya mvua ichimbwe na sisi vijana tuliokuwa tunashinda kijiweni, badala ya kukodi mtambo. Nilifurahi mpaka nikaimba njia nzima. Nilikuwa na ndoto ya saluni ya kunyoa, yenye kioo cha ukuta mzima, na jina langu limepakwa rangi ya bluu mlangoni. Ndoto hiyo ninayo hadi leo, usinicheke.

Kazi iligawanywa kwa vipande. Asubuhi mnyapara wetu, kaka Onesmo, alikuhesabia hatua zako, baadaye akarudi na fito yenye alama. Anaisimamisha chini ya mtaro. Ukingo ukifika kwenye alama, umemaliza kipande, nenda nyumbani. Onesmo hakuwa mtu wa kukagua sana. Alituamini, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Maana nilivumbua ujanja. Udongo niliotoa sikuutupa mbali. Niliulundika ukingoni, nikaushindilia kwa miguu mpaka ukalingana vizuri, ukaonekana ndio ukingo wenyewe. Fito ikisimama, alama inafika. Wenzangu wako nusu, mimi nafuta jembe. Wakanibatiza jina la Kijiko, kama lile katapila lenye mkono mrefu.

"Kijiko huyoo, anaondoka saa nne!"

Nami natembea kifua mbele, nimefurahi kama mtu aliyefanya kazi.

Mvua za kwanza zikaja. Maji yalipita salama kwenye vipande vya wenzangu, yalipofika kwangu yakakosa nafasi. Kifusi changu kikalainika, kikaporomokea ndani kama uji. Maji yakageuka, yakaingia kwa mama Teodora, mjane aliyehamia hapa kutoka upande wa Mahenge. Mpunga wake wa mbegu ulikuwa kwenye viroba, sakafuni, ukisubiri shamba.

Kesho yake mhandisi wa halmashauri alikuja, watu wakajaa. Akatazama, akatikisa kichwa.

"Awamu ya pili ni barabara ya kuingia Katindiuka," alisema. "Kwa hali hii naandika uletwe mtambo. Vijana kazi imewashinda."

Niliwaona wenzangu wakiinamisha vichwa. Mmoja alikuwa na mtoto mchanga, mwingine alishaahidi kumrudisha mdogo wake shule. Kazi ya Katindiuka walikuwa wameshaipangia maisha.

Onesmo akasogea mbele. "Nilipima mimi, mkuu. Lawama ni yangu."

Hapo ndipo mama Teodora alipotoka, ungo mkononi, mpunga umevimba kwa maji. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya chini.

"Kipande hiki cha nani?"

"Nilipima mimi, mama," Onesmo akarudia.

"Sijauliza nani alipima, baba. Nimeuliza nani alichimba."

Mwanangu, jembe lile lilikuwa zito kuliko udongo wote wa Ifakara. Nikashuka mtaroni na jembe langu, maji yakanifika magotini tu. Kwenye kipande cha jirani yangu yalikuwa yanafika kiunoni, kila mtu akaona.

"Mimi, mama. Nililundika kifusi."

"Kumbe kijiko cha chai!" mtu akapaza sauti, watu wakacheka. Mama Teodora hakucheka. Alininyang'anya jembe langu, akakwangua kifusi kilichobaki mpaka nyasi za zamani zikaonekana.

"Ardhi ni hapa, penye nyasi. Pima sasa."

Nikachukua fito ya Onesmo, nikapima. Alama ilibaki juu, mbali kabisa.

"Ulidhani unamdanganya Onesmo," akaniambia taratibu. "Onesmo haishi hapa. Anayeishi na kazi yako ni mimi."

Mhandisi akakunja karatasi yake. "Basi si vijana. Ni mmoja." Katindiuka wakapewa wenzangu. Jina langu likakatwa.

Nilibaki siku nyingi kuchimba upya kipande kile bila malipo, nikiwaona wenzangu wakipita na majembe begani kwenda kazini. Mbegu zilizoharibika mama Teodora alizianika, akazitwanga, akapika uji. Akaniletea bakuli pale mtaroni. Nilikunywa huku machozi yananitoka, maana nilijua nakunywa shamba la mtu.

Sasa sikia, mwanangu. Fedha ile inayotengwa kwa ajili yetu hailetwi ili tupate pesa ya siku tu. Inaletwa kutazama kama vijana wanaweza kuaminiwa. Ukilipua kipande chako, unawafungia mlango na wale ambao hujawahi kuwaona. Kwa hiyo tupa udongo mbali. Pima kuanzia penye nyasi, hata kama mnyapara amegeuka upande mwingine. Ukichelewa kumaliza, chelewa. Na ukikosea, shuka mtaroni mwenyewe kabla mtu mwema hajabeba lawama yako.

Nenda, mwanangu. Mungu akutie nguvu mikononi, akupe majirani wanaofurahi kukuona. Na mvua ikianza kupiga mabati, akujalie kugeuka upande wa pili na kuendelea kulala.