Mtu wa Nyumba ya Mama

Wewe unayenisikiliza, kama hujawahi kupanda Vudee, usijali, nitakwenda polepole. Ukitoka Same mjini, barabara inajipinda milimani mpaka masikio yanaziba. Huko juu kila nyumba ina shamba lake dogo, na kila shamba linasubiri maji ya ndiva. Ndiva ni bwawa letu la kienyeji: maji ya mfereji yanajikusanya humo, kisha yanafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Likijaa matope tunaitana msaragambo, yaani kazi ya wote. Kila nyumba inatoa mtu mmoja na jembe lake. Isiyotoa mtu inarukwa zamu. Tuko pamoja? Haya.

Mwaka jana nilipata mgeni, mwanamama mwandishi kutoka Ayalandi, tuliyejuana kwenye semina ya waandishi. Baba yake alikuwa saidia fundi, na vitabu vyake vinahusu watu wa mtaa aliokulia: waashi, wapishi wa shule, wanawake wa viwandani. Ndani ya vitabu hivyo anahangaika na swali moja: mtu wa nchi fulani ni nani hasa? Nikamwambia aje aone watu wanavyofanya kazi kwetu.

Siku ya msaragambo, mdogo wangu anayesimama kwa ajili ya nyumba ya mama alikuwa Kihurio akivuna mpunga. Mimi nina nyumba yangu, nahesabiwa kwangu. Maharage ya mama yalikuwa yametoa maua, na zamu yake ya maji ilikuwa kesho yake. Akirukwa, maua yote yangepukutika.

Mama akamtazama mgeni akimalizia kiporo cha makande.

"Na huyu?"

"Mama, huyu amekuja kutazama na kuandika."

"Basi ataandika akirudi."

Nilipomtafsiria, mgeni alifurahi kama mtu aliyepewa kiwanja. Tukaondoka na majembe mawili.

Ndivani, mzee wa maji, yule anayesimamia zamu, alikuwa anaita nyumba moja moja. Alipoita nyumba ya mama, nikamsukuma mgeni mbele. Jirani yetu wa bondeni akatupa jembe chini. Kwenye zamu ya maji yeye ndiye anayefuata baada ya mama, na mama akirukwa anasogea.

"Huyo ni mgeni! Mgeni hawi mtu wa nyumba!"

Nikuambie ukweli, sisi Wapare kesi tunaipenda kuliko nyama. Kazi ikasimama papo hapo. Watu wakakalia mipini ya majembe.

"Amelala kwa mama," nikasema. "Amekula kwa mama."

"Hata kuku wa jirani hula kwa mama yako. Huyo ni Mwingereza, arudi kwao."

Neno hilo mgeni alilielewa bila mkalimani. Akawa mwekundu mpaka shingoni. Nikawaeleza wazee kwamba kumwita mtu wa Ayalandi Mwingereza ni kama kumwita Mpare Mchaga.

"Lo!" Mzee wa maji akashika kichwa. "Mpeni pole!"

Wakampa pole kwa zamu, wengine kwa kumshika mkono. Nikaona kesi tumeshinda. Kumbe jirani alikuwa anavuta pumzi tu.

"Vizuri," akasema. "Kama anapapenda kwao kiasi hicho, basi ni mtu wa kwao. Si wa nyumba hii."

Wazee wakatikisa vichwa kwa kukubali. Nikayaona maharage ya mama yakikauka. Mzee wa maji akamgeukia mgeni.

"Mama, mtu wa mahali ni nani? Tuambie wewe."

Nikatafsiri. Macho yake yakang'aa. Akasema swali hilo ndilo ameliandikia vitabu vyake vyote.

"Na jibu umelipata?"

"Bado."

Walicheka mpaka mmoja akateleza kwenye matope. Mgeni naye akacheka, akiwa ameegemea mpini wake.

Wakati huo huo mama akatokea na sufuria ya makande kichwani. Hakujua habari ya kesi. Alichokiona ni mtu wake amesimama.

"We!" akapaza sauti kwa Kipare. "Nimekulisha uje kuegemea jembe kama askofu na fimbo yake? Chimba! Maharage yangu yanakufa!"

Kabla sijafungua mdomo kutafsiri, mgeni alikuwa ameshaingia kwenye matope hadi magotini, anachimba kwa nguvu na kumrushia jirani matope kwenye suruali. Baadaye aliniambia hakuhitaji tafsiri. Sauti ile ni ya mama yake mzazi.

Mzee wa maji akanyanyua mkono.

"Kesi imekwisha. Mgeni hagombezwi. Aliyegombezwa hivi ni mtu wa nyumba. Mama anapata maji."

Jirani akajifuta suruali. "Sawa. Basi na msaragambo ujao aje. Mtu wa nyumba hachagui siku."

"Hilo ni haki," mzee akasema.

Mgeni alikuwa aende Zanzibar wiki hiyo. Akaahirisha. Maharage yakanywa maji, na msaragambo uliofuata alifika ndivani kabla yangu, malengelenge mikononi, akaniuliza kwa nini nimechelewa.

Kwa hiyo ukija kwetu siku ya msaragambo, azima jembe, taja nyumba moja tu, na mama wa nyumba hiyo akianza kukugombeza, usijitetee. Chimba.