Mate ya Cucu kwa Mwendo wa Pole

Kwetu Nyeri, ukienda kutafuta kazi, nyanya yako, yaani cucu, anakubariki kwa kukutemea mate kidogo kifuani. Dada yangu alitemewa mara moja tu, akaandikwa kazi ya ualimu. Mimi nimetemewa kabla ya kila mahojiano, hadi yale ya Murang'a, na bado niko nyumbani. Nikaanza kushuku, kwa hasira kabisa, kwamba kwangu cucu anatoa sauti tu, mate hakuna.

Jumapili moja dada alikuja na simu mpya inayorekodi video ya mwendo wa pole, picha mia mbili na arobaini kwa sekunde moja. Nikasema leo ukweli utajulikana. Nilifungua vifungo vya shati, nikasimama uani juani, dada akashika simu. Cucu akanisogelea, "thu!", ikaisha kabla sijapepesa jicho.

Tukaitazama video polepole. Ngai! Midomo ya cucu ilivimba kama puto, kisha matone yakatoka moja moja, yaking'aa kama shanga, yakielea hewani bila haraka yoyote. Tulipiga kelele kama mashabiki wa mpira. Dada alicheka hadi akakaa chini kwenye nyasi. Tone moja kubwa likanikaribia, likanikaribia, halafu video ikaisha likiwa bado hewani.

Cucu alivaa miwani, akaitazama tena toka mwanzo. Akanishika mkono kwa huruma.

"Kumbe baraka inaendanga pole hivi," akasema. "Ngoja tu, mjukuu wangu. Hata ile ya kwanza bado iko njiani."