Kabari Haiwekwi Chini

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kipande cha mkaratusi kilichochongwa pembe tatu, kizito kama mtoto wa miezi sita, nikaambiwa nisikiachilie. Hiyo ndiyo kabari. Gari likikwama mlimani na kuanza kurudi nyuma, tanboi, yaani utingo wa lori, huirusha nyuma ya gurudumu. Gari likishika na kuondoka, huiokota na kukimbia nayo hadi juu. Kazi yote ni hiyo. Mengine ni vumbi.

Najua kumbukumbu za kazi huandikwa na watu wenye mvi na magoti mabovu. Mimi nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, na magoti yangu ni mazima. Lakini nimefanya kazi na nimestaafu. Sioni kwa nini ningoje mvi ndipo niwaambie nyinyi wa kidato cha kwanza jinsi utanboi ulivyofanywa enzi zetu, yaani Aprili.

Dereva alikuwa Shangazi Nekesa, dada mdogo wa baba. Kanta, lile lori letu dogo, lilikuwa la mzee mmoja wa Kitale nitakayemwita Mwenye Gari, mtu ambaye hakuwahi kulipanda kupita stendi lakini alizijua barabara zote kwa simu. Asubuhi hiyo alinitazama kuanzia gambuti za mpira hadi kofia.

"Nekesa, tanboi wako yuko wapi?"

"Ndiye huyu."

"Huyu si ni msichana?"

"Ndiyo, hata jana alikuwa msichana."

"Hii kazi ni ya wanaume bana."

"Mzee," nikasema, "si hata udereva walisema hivyo hivyo?"

Shangazi alinikanyaga kidole. Tulipoingia kwenye gari alisema, "Mdomo wako utuletee tenda, usituletee balaa. Na kuanzia sasa mimi si anti yako. Mimi ni dereva."

"Na mimi?"

"Wewe ni 'wewe' mpaka ufanye kazi."

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Kiminini, kupeleka chakula cha kuku. Kwenye lami tanboi ni abiria tu, kwa hiyo nilifundishwa kamba. Kuna fundo moja ambalo kila mzigo hufungwa nalo: ukivuta ncha fupi linafunguka lote mara moja, ukivuta ncha ndefu linazidi kubana. Nililifunga na kulifungua hadi vidole vikawa na malengelenge.

Kituo cha pili kilikuwa Webuye, kati ya malori makubwa, ambako nilijifunza kuita gari nyuma. Tanboi husimama anapoonekana kwenye kioo na kupaza sauti: "Njoo, njoo, kata kulia, njoo, hapo!" Mimi nilisema kulia nikimaanisha kulia kwangu, nasi tukang'oa bango la kinyozi.

"Kulia ni kwa dereva," Shangazi alisema, tukilipigilia bango upya huku kinyozi akituhesabia misumari. "Wewe huna kulia."

Kituo cha tatu kilikuwa mlimani, na hapo ndipo nilipostaafia.

Ilikuwa siku ya kufungua shule. Tulipakia vifaranga wa siku moja, maboksi thelathini yenye matundu, tuwapelekee akina mama wa kikundi kimoja juu ya Kaptama, mahali ambapo lami haijasikika. Tukitoka huko tungeshuka Kimilili nishukie hapa shuleni. Sanduku langu la bati, lenye vitabu na sabuni na kila kitu nilichonacho duniani, lilifungwa nyuma kabisa, nje ya mlango wa bodi, ili vifaranga wakae mbele wasirushiwe tope.

Mwenye Gari alikuja hadi dirishani. "Nekesa, mlima umenyeshewa wiki nzima. Boksi moja likifa, ufunguo urudi mezani kwangu. Kuna kijana anaungoja tangu Januari."

Shangazi aliwasha injini. "Basi mwambie akae, asije akachoka kusimama."

Lakini tulipofika Saboti niliona mikono yake ikiminya usukani. Amewalea binamu zangu wawili kwa ufunguo ule. Hakuna aliyehitaji kunieleza.

Kutoka hapo barabara iliacha kuwa barabara. Kulikuwa na dimbwi lenye rangi ya chai ya maziwa, na kazi ya tanboi ni kuvua gambuti na kutembea mbele ya gari, kupima kina kwa miguu yake mwenyewe. Nilipima vizuri hadi katikati, nikaingia kwenye shimo mpaka kiunoni. Mwanamume mmoja wa bodaboda alikuwa amesimama ng'ambo akila muwa.

"Niaje, tanboi! Ati siku hizi wasichana wanaogea barabarani?"

"Njoo unisugue mgongo," nikamwambia, "au unaogopa maji?"

Alicheka mpaka muwa ukamtoka mkononi. Kisha akatuonyesha upande wenye mawe, tukapita. Mnaona? Mdomo wangu uliwahi kuleta faida.

Kila tuliposimama nilitega sikio kwenye maboksi. Vifaranga wakilia kwa nguvu, wana baridi. Wakinyamaza na kuachama midomo, wana joto. Sauti nzuri ni ile ya mvua nyepesi juu ya mabati, na kwa muda mrefu ilikuwa nzuri.

Mlima wa kwanza tuliupanda kwa hatua za kinyonga. Gari lilipanda kidogo, likakata pumzi, nikarusha kabari, likashika, nikaokota, nikakimbia. Mara saba. Shangazi alikuwa amenifundisha kuirusha kutoka ubavuni, kwa sababu mwili haukai nyuma ya gari hata gari likiwa limelala. Na alikuwa amenifundisha jambo jingine, ambalo alilirudia kila asubuhi kama sala: kabari haiwekwi chini mpaka gari lifike tambarare.

Mara ya nane gari lilishika na kuendelea, nami nikaokota kabari, nikageuka nyuma kupumua.

Enyi watoto, sijawahi kuona nchi imekaa vile. Bungoma nzima ilikuwa imetandikwa chini yangu: mahindi ya kijani kibichi, miwa ya kijani kingine, mabati yakimetameta hadi vilima vya Webuye, na mvua moja nyembamba ikitembea peke yake upande wa Chwele kama mtu aliyetumwa dukani. Nyuma yangu maporomoko yalikuwa yakianguka mwambani, hayana jina wala kiingilio, na upepo ulinirushia manyunyu yake usoni. Nilitoa simu. Kupiga picha kunahitaji mikono miwili. Niliiweka kabari juu ya jiwe.

Picha ilitoka vizuri sana. Shangazi alipiga honi, nikakimbia.

Mlima wa pili ulikuwa mfupi na mwekundu, tope tupu, mtaro mrefu upande wa kushoto. Juu yake tuliziona kanga za akina mama wakitungoja. Nilishuka na kushika njia pembeni ya gurudumu kama kawaida. Tulikuwa tumefika nusu injini ilipozima, na gari likaanza kuteleza nyuma pole pole, breki zimeshika lakini tope halitaki.

"Kabari!"

Nilitazama mikono yangu. Mkono mmoja ulikuwa na simu.

"Wewe! Kabari!"

Gurudumu la nyuma lilikuwa limebakiza hatua mbili kufika mtaroni. Ndani ya maboksi sauti ilikuwa imepanda, vifaranga wote kwa pamoja. Nilivuta ncha fupi ya kamba ya sanduku langu. Fundo lilifunguka lote, sanduku likaanguka topeni, nami nikalisukuma kwa mguu kutoka ubavuni mpaka likaingia chini ya gurudumu.

Bati lililia kama mbuzi. Kona moja ilibonyea, kifuniko kikakunjika, gari likapanda juu yake kiasi cha kiganja, kisha likatulia. Nadhani ni kamusi iliyoshika. Wanaosema vitabu vinene havina kazi waje tuongee.

Shangazi alishuka. Alitazama sanduku, akatazama mtaro, akanitazama.

"Kabari iko wapi?"

"Niliiweka kwa jiwe. Kule chini. Nikipiga picha."

Ningeweza kudanganya kwamba ilisombwa na tope, lakini macho yale yaliyonitazama hayakuwa ya kudanganywa. Hakunipiga wala hakunitukana, na hilo liliniuma zaidi. Alisema tu, "Sikiliza mzigo."

Nilitega sikio. Kelele. Kisha pole pole, mvua nyepesi juu ya mabati.

Akina mama waliteremka na majembe, wakakata nyasi na kutandika chini ya magurudumu, tukasukuma wote hadi juu. Kiongozi wao, mama mnene mwenye gambuti za rangi mbili tofauti, alifungua boksi moja baada ya jingine bila haraka. Alipata kifaranga mmoja amekufa.

"Huyu hata angekuja na ndege angekufa tu," akasema.

Simu ya Shangazi ililia. Ilikuwa sauti ya Mwenye Gari, kubwa hata bila spika: "Mmekwama, si ndiyo? Nilisema!"

Yule mama alimnyang'anya simu. "Baba, vifaranga wamefika na wanakula. Mwezi ujao tunataka maboksi sitini, na tunataka dereva huyu huyu. Akija mwingine, atarudi nayo." Akakata simu na kuirudisha kama mtu anayerudisha sahani.

Tuliteremka kuelekea Kimilili. Ufunguo ulikuwa umebaki, lakini mimi nilikuwa bado "wewe".

Langoni hapa mnajua palivyo na mteremko. Foleni ilikuwa ndefu, na mwalimu wa zamu alikuwa akikagua masanduku. Alilizunguka langu mara mbili. Kifuniko kilikuwa na alama ya tairi, nyekundu, kutoka kona hadi kona.

"Hiki ni nini?"

"Sanduku, mwalimu. Lilikuwa kazini."

"Halifungi. Sheria inasema lifungike. Rudi nyumbani ukalete lingine."

Shangazi alianza kuomba radhi, mikono nyuma, yeye aliyepanda mlima ule. Sikuweza kuvumilia.

"Linafungika, mwalimu. Nimelifunga kwa kamba. Lifungue."

Alivuta ncha ndefu. Akavuta tena. Alipovuta mara ya tatu foleni nzima ilikuwa imekuja karibu, na Shangazi alikuwa akitazama mawingu kwa bidii. Mwalimu aliandika kwenye daftari lake kwamba sanduku limekaguliwa.

Nimefikiria sana kuhusu kazi tangu nistaafu, hasa wakati wa hesabu. Watawaambia kazi fulani si yenu. Msibishane sana, shikeni kabari, kwa sababu mlima hauulizi. Lakini mkiiweka chini, semeni mmeiweka chini. Sanduku jipya nililoahidiwa nyumbani nimelikataa. Nguo nafua, viatu nasugua, ile alama ya tairi siifuti, hata matroni akiniandikia barua.

Siku ile, baada ya ukaguzi, Shangazi alipanda kwenye kanta. Lilikuwa limetazama juu, na breki ya mkono ya gari lile ni ya kupigia picha. Alitoa kichwa dirishani, mbele ya wazazi, walimu na foleni nzima.

"Tanboi! Kabari!"

Nikiwa na sketi yangu ya shule, niliokota jiwe kando ya lango, nikalitupa nyuma ya gurudumu kutoka ubavuni. Injini iliunguruma, gari likashika, likaanza kupanda. Nikaliokota.

"Wewe msichana," mwalimu wa zamu akasema, "weka hilo jiwe chini uingie ndani."

"Bado, mwalimu," nikamwambia. "Gari halijafika tambarare."